Kuzungusha wageni Dar kwa miguu: tuliyopitia na ya kuzingatia

Naandika hii kwa wenzangu mnaoishi Dar halafu mnapata wageni kutoka mkoani wanaotaka kuuona mji. Wengi tumezoea kuwapeleka Mlimani City, jioni Coco Beach kula mihogo, siku imeisha, mgeni anarudi kwao hajaiona Dar yenyewe, ile ya Posta na Kivukoni ambako mji ulianzia, na Kariakoo. Na huko mjini ukiwa ndani ya gari huoni kitu, utaona foleni tu. Lazima mtembee. Ila kutembea Dar na watu wa rika tofauti si jambo la kukurupuka, jua la huku mnalijua, joto la huku mnalijua, na watu wa bara wakishuka pwani miili inachukua muda kuzoea. Sisi tulitembea kutwa, tulifurahi sana na tulipata tabu pia, na zile tabu karibu zote mtu mwingine anaweza kuziepuka kabisa ndo maana nimeona niandike.

Tulikuwa wanne. Ma'mdogo wangu, miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, binti yake ambaye ndo alikuwa anafika Dar kwa mara ya kwanza, mpwa wangu wa darasa la tatu, na mimi. Ma'mdogo na bintiye walishuka na treni ya SGR kutoka Dodoma alhamisi usiku, ijumaa wakapumzika nyumbani, jumamosi tukaingia mjini. Hiyo siku ya kupumzika katikati msiione ni ya kupoteza, binti alikuja na mafua ya kusafiri na ile ijumaa ndo iliyomwokoa.

Kuhusu Ma'mdogo kuna kitu inabidi mkijue. Aliwahi kuishi Dar mwishoni mwa miaka ya sabini, marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli, baadaye wakahamishwa. Tangu hapo akija huku ni msiba au harusi, anafikia Mbagala, anazika au anacheza, anarudi. Mjini kati hajakanyaga miaka mingi mno. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwa mwenyeji, nimesoma soma kuhusu majengo, nimepanga wapi tuanze wapi tumalizie, na ikaja kuwa kuanzia kama saa nne asubuhi yeye ndo anatuongoza sisi.

Tulitoka Kimara mapema, saa kumi na mbili na nusu tuko kituoni. Jumamosi mwendokasi asubuhi ina nafuu, siku za kazi usithubutu kumpandisha mama wa magoti kwenye lile basi maana mnasimama mmebanana mpaka mjini. Tulipata siti, tukashuka kituo cha mwisho Kivukoni, na hapo ukishuka tu unasikia harufu ya Feri kabla hujaliona soko lenyewe.

Anzieni Feri. Nasema hivyo kwa sababu mbili, kwanza mnada wa samaki ni wa asubuhi, mkija saa tano mmekuta meza zinaoshwa, na pili kule chini kunaloa, kuna maji ya chumvi na magamba, bora mpite wakati miguu bado ina nguvu. Tulisimama pembeni tukaangalia mnada. Dalali anamwaga samaki kwenye meza ya zege, fungu la changu, jodari mzima mzima, pweza wamejikunja, anaanza kutaja bei kwa kasi ambayo mtu mgeni hashiki hata neno, wanunuzi wanajibu kwa kidole au kwa kichwa tu, na fungu limeshauzwa. Binti wa Dodoma alisimama pale kimya muda mrefu sana, anasema yeye samaki amewazoea wa Mtera waliokaushwa, hakuwahi kuona jodari ana ukubwa wa mtoto. Na kunguru sasa! Wale kunguru wenye shingo ya kijivu wamejipanga kwenye ukingo wa paa, mama mmoja kageuka kuchukua mfuko tu, kunguru kashuka kachukua dagaa kwenye beseni kaondoka, na yule mama hata hakushtuka, akafunika beseni na kanga akaendelea na biashara.

Hapo Feri kuna jambo inabidi niliseme wazi. Kuna kijana alijitokeza akawa anatuelekeza kwa heshima kabisa, shikamoo mama, piteni huku, huku panateleza, tukadhani ni ukarimu. Mwisho akadai elfu kumi ya kututembeza. Ma'mdogo alikasirika, sauti zikapanda, mtoto akaanza kuogopa. Tulimpa elfu mbili yakaisha. Kwa hiyo mtu akianza kukuelekeza sehemu kama ile muulize hapo hapo, kaka hii ni huduma ya kulipia? Ukiuliza mapema hakuna anayekasirika, akisema ni ya kulipia mnakubaliana au unamshukuru unaendelea na njia yako.

Tukanywa supu ya pweza na chapati kwa mama mmoja pembeni, na hii naomba muizingatie, kuleni vizuri asubuhi. Ma'mdogo alitaka anywe chai tu kwa sababu ana dawa zake za presha, nikambembeleza akala na chapati moja, na kama asingekula sijui saa sita ingemkuta wapi.

Kutoka Feri tukarudi kando ya bahari kuelekea Posta. Upande huu mnakuwa karibu na Ikulu ya Magogoni, kivuko, na bandari iko mbele, kwa hiyo simu ziwekeni mfukoni. Binti alikuwa anapiga picha kila kitu, askari mmoja akamwita, akamwambia kwa upole tu kwamba upande ule haupigwi picha, afute. Alifuta, ikaisha, ila alitetemeka. Mwambieni mgeni kabla, Ikulu, kambi, bandari na vivuko si vya kupiga picha. Majengo ya kawaida pigeni mtakavyo.

Mbele kidogo kuna kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye paa la vigae vyekundu, walilojenga wamisionari wa Kijerumani kuanzia 1898. Tulikuta mlango uko wazi, tukaomba kuingia, tukaruhusiwa, tukakaa kwenye benchi. Ma'mdogo ni Mlutheri, akasali. Ndani kuna ubaridi mzuri na kelele za barabarani hazifiki. Kutoka hapo kwa miguu dakika chache ndo Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Wakatoliki, nalo la enzi za Mjerumani, lilianza kujengwa 1897 likakamilika 1902. Hapo jumamosi kuna harusi, mkiikuta msilazimishe kuingia. Sisi tuliikuta, tukaangalia maharusi kwa nje, mpwa wangu akafurahi kuliko alivyofurahia kitu kingine chochote siku ile, matarumbeta!

Mbele tena, njia hiyo hiyo ya Sokoine, kuna Boma la Kale. Watu wa Dar tunapita pale miaka yote bila kujua ni nini. Lilijengwa 1866 hadi 1867 wakati Sultani Majid wa Zanzibar anaanzisha mji wake hapa, kabla ya Mjerumani hajafika, lilikuwa la kufikia wageni wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba mkono wangu wote mpaka kwenye kiwiko unaishia ndani ya dirisha, na milango ni ile ya nakshi ya Kizanzibari. Niliweka kiganja ukutani nikahisi yale matumbawe jinsi yalivyo na vitundu. Kwakweli nilisikitika, nimeishi mji huu tangu mdogo na hakuna mtu aliyewahi kunipeleka pale, hata shule haikutupeleka, tulipelekwa Bagamoyo na Kaole tukarudi, wakati moja ya nyumba za mwanzo kabisa za mji wetu iko mtaa wa tatu kutoka stendi.

Sasa ndo tukapanda Samora. Na hapa Ma'mdogo akabadilika. Alikuwa anatembea ananishika mkono, ghafla akauachia akatangulia. "Hii ni Independence hii," anasema, kwa sababu wakati wake barabara ilikuwa inaitwa Independence Avenue, jina la Samora Machel lilikuja baadaye. Akaanza kutuonyesha, hapa palikuwa na duka la viatu, hapa sinema ya Empress, tulikuja na baba yenu kuangalia picha za Kihindi, Avalon iko mtaa ule. Basi la Ikarusi lilikuwa linakata kona pale, lile la kumbakumba lenye mpira katikati. Halafu akauliza, "Salamanda iko wapi?" Ile Salamander ilikuwa mgahawa maarufu kwenye jengo la zamani, watu wa ofisini walikuwa wanakunywa chai pale. Nikamwonyesha ghorofa la vioo. Jengo la zamani lilishabomolewa, likabaki jina. Aliliangalia kuanzia chini hadi juu, akaniambia, "Mwanangu, nilipewa barua ya kwanza ya mume wangu humo, mezani." Nilikosa la kusema.

Nina maoni yangu na ninayasema. Tunabomoa sana. Mji unahitaji maghorofa, sikatai, ila kila jengo la zamani la Samora na Kisutu linaloondoka linaondoka na watu wa umri wa Ma'mdogo hapo hapo, maana hawana tena pa kusimama wakasema ilikuwa hapa. Kwa hiyo kama una mzee aliyewahi kuishi Dar mlete mjini mapema wakati bado kuna vya kuonyeshana. Na mkija naye mrekodi kwa simu. Mimi nilirekodi kidogo tu chaji ikawa inaniishia, natamani ningekuwa na pawabenki.

Kwenye sanamu ya Askari tulikaa kidogo. Iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita kuu ya kwanza, maneno yake yapo Kiswahili na Kiingereza, na singe ya bunduki imeelekea bandarini. Mpwa wangu akauliza wale wapagazi walikuwa wanabeba nini, nikamwambia mizigo ya jeshi, chakula, risasi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa bila kupigwa risasi. Nikamwambia tukifika Kariakoo atakuwa amesimama kwenye kambi yao yenyewe, Waingereza waliwaita Carrier Corps na ndo jina la Kariakoo lilipotoka. Mtoto akinyamaza hivyo ujue imeingia. Haya mambo mawili mkiyapanga siku moja, Askari kwanza halafu Kariakoo, mtoto anaelewa historia kuliko kwenye daftari.

Ikawa inakaribia saa tano na nusu na jua limekolea. Hapa ndo shida zilianza. Binti alikuja na sendozi mpya, kisigino kimechubuka mpaka damu, tukasimama kwa machinga tukamnunulia ndala. Maji tuliyobeba yalishaisha. Na Ma'mdogo, kwa ile furaha ya kutangulia mbele, alikuwa ameshatembea kuliko goti linavyoweza na hakusema. Wazee wetu hawasemi! Ukimuuliza "mama umechoka?" anajibu "hapana mwanangu twende," atakujibu hivyo mpaka aanguke. Nimejifunza kutouliza. Naangalia miguu, akianza kuchagua pa kukanyaga, akianza kushika nguzo au ukuta anapopita, natafuta kivuli nasema mimi nimechoka naomba tukae. Hapo anakubali, tena kwa haraka.

Tulikaa bustani ya mimea ya mwisho wa Samora, ile Botanical iliyoanzishwa na Wajerumani, ina miti mikubwa na tausi wanatembea, kuna hadi mnazi wa Shelisheli. Hapo tulikaa kama saa nzima, madafu tukanunua njiani, na nawaambia ile saa ndo iliokoa siku. Ng'ambo ya barabara kuna Karimjee, ambako bunge lilikuwa linakaa zamani na ndipo Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa rais 1962, Ma'mdogo akawa anamhadithia mjukuu wake huku kanyoosha mguu kwenye benchi na kavua viatu.

Makumbusho ya Taifa yako jirani tu, mtaa wa Shaaban Robert. Yafanyeni ya saa sita mpaka saa nane, yaani jua lenyewe likiwa utosini nyie mko ndani. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, bebeni vitambulisho. Mle kuna habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale lililopatikana Olduvai 1959, magari ya viongozi wa zamani likiwemo alilotumia Mwalimu, na kuna kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998 lililoua watu 11 hapa kwetu. Hapo kwenye kumbukumbu ya bomu mtangulize mtu mzima aone kwanza, kwa watoto wengine ni pazito. Na kikubwa ambacho hakuna anayekwambia, vyoo vyake ni visafi. Choo ni jambo la kupangilia kabisa mnapotembea mjini na mama mtu mzima na mtoto. Vya kulipia vipo, bebeni chenji za mia mbili mia mbili na tishu zenu, ila ukikuta safi tumieni hata kama hamjabanwa.

Baada ya chakula nilitaka sote twende Kariakoo. Ma'mdogo akasema hapana, nendeni, mimi nabaki hapa kivulini. Nilisita, kwetu huwezi kumwacha mzazi peke yake mjini ukaenda kutembea, najisikia vibaya hata kuandika. Akanikazia, akasema kama mtu amebeba mgonjwa basi wote wanakuwa wagonjwa, acheni nipumzike. Tukamwacha bustanini pale makumbusho, na maji, na simu yake yenye chaji, na namba yangu imeandikwa kwenye karatasi. Tukapanda bajaji sisi watatu. Kwa kweli alikuwa sahihi, Kariakoo jumamosi mchana asingeiweza.

Kariakoo siwezi kuieleza yote. Soko kuu lenyewe, lile la mapaa ya zege kama miavuli aliyochora Mtanzania mwenzetu Beda Amuli miaka ya sabini, liliungua Julai 2021 na serikali ikalikarabati na kuongeza jengo jipya pembeni, ila uhai wa Kariakoo uko mitaani, Kongo, Msimbazi, Narung'ombe. Mtaa wa Kongo ule ulijaa kiasi kwamba mnatembea kwa mwendo wa umati, sio wa kwenu. Begi mbele, simu ndani, mtoto ashikwe kifundo cha mkono, kiganja kinateleza kwa jasho.

Ndo hapo tukapotezana na binti. Alisimama kuangalia vitenge, sisi tukasukumwa mbele, kugeuka hayupo. Simu yake imezima, alimaliza chaji kwenye picha. Dakika zile zilikuwa ngumu, mjini hajui hata kulia wala kushoto. Kilichotusaidia ni kwamba kabla hatujashuka kwenye bajaji nilimwambia tukipotezana kila mtu aulize Mnazi Mmoja, aende asimame kwenye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mnara hauhami na kila mtu Kariakoo anaujua. Tulimkuta pale, amekaa kivulini, amenunua embe la chumvi. Nilimkumbatia mpaka akashangaa. Msichague duka wala benki kuwa sehemu ya kukutania, kuna matawi mengi, chagueni kitu kikubwa kimoja ambacho mgeni anaweza kumuuliza yeyote. Na mtoto mwandikieni namba ya simu muiweke mfukoni, mkononi inafutika na jasho.

Tulirudi kumchukua Ma'mdogo kama saa kumi, tukamkuta amepata rafiki, mama mmoja aliyeleta wajukuu, wanazungumza habari za maduka ya kaya, yale ya mgao ya zamani, na foleni za sukari. Hakutaka hata kuondoka.

Kurudi nyumbani msipange mwendokasi ya jioni na mzee. Tuliangalia foleni tukaachana nayo, tukaita gari kwa simu, ikatugharimu kuliko vyote tulivyotumia siku nzima, na sijutii hata shilingi. Kama bajeti ni ndogo basi bana kwingine, kula Feri badala ya mgahawa, beba maji ya nyumbani, ila pesa ya kurudia iweke pembeni tangu asubuhi isiguswe. Na mkiweza chagueni Juni mpaka Agosti, upepo upo na joto limepungua, Januari na Februari wageni watateseka bure.

Jumapili goti lilivimba kidogo, tukalikanda na maji ya moto. Jumatatu Ma'mdogo akaanza kuuliza lini tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, maana wakati wao walikuwa wanavuka siku za sikukuu. Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200 tu, tutaenda asubuhi mapema kabla ya foleni, na safari hii begi langu lina pawabenki, na binti amenunua raba.